Diclo na Brufen Ni Ndugu, Usizimeze Pamoja

Ingia kemisti yoyote kati ya Umoja na Kayole, huku Eastlands ya Nairobi, jioni, watu wakishuka kwenye matatu kutoka kazini, useme neno moja tu: mgongo. Mara nyingi hutaulizwa mengi. Utapewa bahasha ndogo ya kaki, ndani yake tembe za rangi mbili au tatu, na juu yake maandishi ya kalamu: 1x3. Moja, mara tatu kwa siku. Jina la dawa halipo. Lakini bei inalingana na mfuko wa mtu wa mjengo, foleni ni fupi kuliko ya hospitali, na kesho yake unaweza kuinama tena kubeba mawe. Sishangai kwamba watu hurudi.

Shida ni kilichomo ndani ya bahasha. Tembe mbili za rangi tofauti huenda zikawa za ukoo mmoja, zinafanya kazi ileile kwa njia ileile. Pengine mwenye kemisti hana hata kosa: mchana ulimeza Brufen ya mwenzako kazini, jioni ukauziwa Diclo, na hukusema. Vyovyote iwavyo, tumbo na figo zimepokea dozi mbili za kitu kimoja. Kanuni ya ukoo huu ni fupi: dawa moja tu kwa wakati, dozi ndogo inayokutosha, siku chache iwezekanavyo. Kazi ni kuitekeleza kanuni hiyo mahali ambapo tembe huuzwa moja moja na jina hubaki kwenye kopo.

Anza kwa kuutambua ukoo wenyewe. Dawa za maumivu zinazopunguza uvimbe zina majina ya biashara chungu nzima, na hapo ndipo watu hupotea. Usisome jina kubwa lililo mbele ya pakiti. Soma lile dogo chini yake, ambalo ndilo la dawa yenyewe. Brufen ni ibuprofeni. Voltaren na Cataflam, zote mbili, ni diklofenaki, ile watu wanayoiita Diclo. Ponstan, ambayo wasichana wengi huijua kwa maumivu ya hedhi, ni asidi ya mefenamiki. Kuna naprokseni, meloksikamu, piroksikamu, indometasini, aseklofenaki, ketorolaki, selekoksibu na etorikoksibu. Aspirini nayo imo, na ndiyo mkubwa wao, maana Bayer waliipa jina hilo mwaka 1899.

Huna haja ya kukariri orodha hiyo yote. Tazama jina dogo linaishia vipi kwenye pakiti: likiishia kwa -profen, -fenac, -oxicam au -coxib, uko ndani ya ukoo. Katika orodha hiyo, yanayoiponyoka mbinu hii ni machache: aspirini, naprokseni, indometasini, ketorolaki na asidi ya mefenamiki. Hayo matano ndiyo ya kuweka kichwani, au kuandika kwenye simu. Parasetamoli, yaani Panadol na nyingine za aina yake, haimo. Tramadoli na kodeini hazimo vilevile, ingawa zina hatari zao.

Kwa nini basi mbili zisisaidie kuliko moja? Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na wenzake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Lakini prostaglandini hizohizo zina kazi nyingine za maana. Hulinda utando wa tumbo dhidi ya asidi, na husaidia mishipa inayopeleka damu kwenye figo ibaki wazi. Ukimeza dawa ya kwanza kwa dozi kamili, kazi pale penye maumivu imekwisha kufanyika karibu yote. Ya pili haikuti mengi ya kufanya mgongoni, inaishia kuumiza tumbo na figo. Hata dawa moja peke yake ina kikomo: kwa maumivu ya kawaida, ibuprofeni inayozidi miligramu 400 kwa mara moja huongeza nafuu kidogo sana. Anayeongeza tembe “ili ishike” anaongeza zaidi madhara.

Ukiona dawa moja haitoshi, mwenza wake anayefaa ni parasetamoli. Hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa hiyo nafuu ya mbili hizi hujumlishwa kweli. Mchanganyiko wa ibuprofeni miligramu 400 na parasetamoli miligramu 1,000 ni maarufu kwa madaktari wa meno baada ya kung'oa jino, na kwa watu wengi hutuliza vizuri bila kuhitaji dawa kali zaidi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe tembe nane za parasetamoli za miligramu 500 kwa saa 24, akiacha angalau saa nne hadi sita kati ya dozi na dozi. Ibuprofeni ya kujinunulia mwenyewe isizidi miligramu 1,200 kwa siku, yaani tembe tatu za 400 au sita za 200. Mwenye uzito mdogo, anayekunywa pombe sana au mwenye shida ya ini anahitaji parasetamoli pungufu ya hapo, na aulize kwanza.

Hapa kuna mtego mwingine. Parasetamoli hujificha. Imo katika tembe nyingi za mafua, na katika tembe za kulegeza misuli zinazouzwa sana kwa maumivu ya mgongo, zile zenye klorzoksazoni. Kuna hata tembe ambazo diklofenaki na parasetamoli zimetiwa pamoja ndani ya kidonge kimoja. Mtu akimeza hiyo, halafu Panadol kwa kichwa na dawa ya mafua usiku, amekwisha kupita kipimo bila kuona tembe yoyote iliyorudiwa.

Sindano nayo huhesabiwa. Katika zahanati nyingi za mitaani, mgonjwa mwenye maumivu makali huchomwa diklofenaki ya miligramu 75, kisha akapewa tembe za kuanza nazo nyumbani. Wengi huona sindano ni jambo moja na tembe ni jambo lingine. Mwili hauoni hivyo. Kikomo cha diklofenaki ni miligramu 150 kwa siku, sindano na tembe zikijumlishwa. Ukichomwa 75 mchana, umebakiwa na 75 tu hadi kesho mchana, na Brufen haina nafasi kabisa katika siku hiyo. Muulize anayekuchoma maswali mawili: hii ni dawa gani, na tembe nianze saa ngapi? Jeli ya kupaka ni nafuu zaidi kwa mwili. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kulinganisha na cha tembe, ndiyo maana kwa goti au kifundo kilichoumia ningeanza na hiyo kabla ya kumeza chochote. Ila usipake mwili mzima huku ukimeza pia.

Huenda pia ukataka kubadili, kwa sababu Brufen haikukufaa na jirani anaisifu Diclo. Kubadili si kosa, kosa ni kuzipandanisha. Ibuprofeni na diklofenaki hazikai mwilini muda mrefu, kwa hiyo subiri hadi saa ya dozi inayofuata ya ile ya kwanza, ndipo uanze ya pili mahali pake. Meloksikamu ni ya mara moja kwa siku, basi subiri kesho yake. Piroksikamu ni king'ang'anizi: nusu yake huchukua karibu siku mbili kuondoka mwilini, na baada ya wiki ya kuimeza itakuwapo siku kadhaa zaidi. Ukiwa umetumia hiyo, mwambie anayekuuzia, na ukae na parasetamoli kwanza.

Hadi hapa tumezungumza ndugu kwa ndugu. Lakini ningeambiwa nichague onyo moja tu la kubandika kwenye mlango wa kila kemisti ya Eastlands, lingehusu dawa za presha. Katika nyumba za zamani za Jericho, Maringo na Kaloleni, na kwingineko kote, wazee wetu humeza losartani au enalaprili asubuhi, pengine pamoja na hidroklorothiazidi, ile ya kukojoza. Ongeza Diclo ya magoti juu ya hizo mbili, na figo hubanwa kutoka pande tatu. Ya kukojoza hupunguza maji mwilini. Losartani au enalaprili hulegeza mshipa wa kutolea damu kwenye chujio la figo, msukumo ukashuka. Dawa ya maumivu nayo hubana ule wa kuingizia. Siku ya kawaida huenda mzee asihisi lolote. Akipatwa na kuhara, kutapika au homa, au akashinda bila kunywa maji, figo zinaweza kushindwa kufanya kazi ndani ya siku chache. Tena dawa hizi za maumivu hupandisha presha zenyewe. Kliniki wanashangaa presha haishuki, wanaongeza dozi, na hakuna aliyeuliza kuhusu magoti.

Anayetaka kujua diklofenaki inaweza kuzifanyia nini figo aulize habari za tumbusi wa Asia Kusini. Walianza kufa kwa wingi katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistan walionyesha chanzo: ndege hao walikula mizoga ya mifugo iliyotibiwa kwa diklofenaki, figo zao zikaacha kazi. India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Binadamu huihimili vizuri mno kuliko tumbusi, usiogope kupita kiasi. Ila njia ya madhara ni ya kweli.

Kwa mzee wa presha, basi: parasetamoli ya kumeza, jeli ya kupaka, na daktari kabla ya kitu kingine chochote cha ukoo huu. Asiache dawa ya presha ili apate kumeza Diclo. Nimesikia watu wakifanya hesabu hiyo, na ni hesabu mbaya. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi aiepuke diklofenaki kabisa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza watu wa namna hiyo wasipewe. Hapa Nairobi dawa hiyo bado ni kipenzi cha wengi.

Kuna pia wanaomeza aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku kulinda moyo. Ibuprofeni hukaa mahali palepale ambapo aspirini ilitakiwa ishike kwenye chembe zinazogandisha damu, na kinga hiyo ikapungua. Kwa aspirini ya kawaida isiyo na ganda, ushauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ni kumeza ibuprofeni angalau nusu saa baada ya aspirini, au zaidi ya saa nane kabla yake. Aspirini nyingi za moyo, hata hivyo, zina ganda la kulinda tumbo, na ratiba hiyo haizifai. Rahisi zaidi ni kutumia parasetamoli.

Wanaotumia ARV wana sababu yao ya kuwa waangalifu, na sijui kwa nini haisemwi kwa sauti zaidi. Tembe ya mara moja kwa siku inayotumiwa na watu wengi Kenya ina tenofovira ndani yake, na tenofovira hupita kwenye figo. Zimeripotiwa kesi za figo kushindwa pale dozi kubwa za dawa hizi za maumivu, au zaidi ya moja kwa pamoja, zilipoongezwa juu yake. Hali ni hiyohiyo kwa anayemeza PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, yenye tenofovira. Huna wajibu wa kumtangazia mtu wa kaunta hali yako mbele ya foleni. Sema tu: “Natumia dawa inayopita kwenye figo, nipe parasetamoli.” Maneno hayo yanatosha, kisha kliniki yako ikupangie zaidi. Wanaotumia wafarini, methotreksati, lithiamu au fluoksetini nao wasiongeze chochote cha ukoo huu bila daktari wao kujua.

Turudi kwenye bahasha, maana kuna tembe moja ndogo ambayo haijatajwa. Katika baadhi ya michanganyiko ya maumivu hutiwa deksamethasoni au prednisoloni, yaani steroidi. Nafuu yake huja haraka, hamu ya kula ikapanda, na mteja akaisifu kemisti mtaa mzima. Steroidi ikikutana na diklofenaki, hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu huongezeka sana. Hupandisha sukari na presha. Ikitumiwa wiki nyingi uso huvimba, na mwili husahau kutengeneza ya kwake, hata kuacha ghafla kukawa hatari. Kama umekuwa ukinunua mchanganyiko usiojua jina lake kwa muda mrefu, usiutupe leo kwa hofu. Upeleke hospitalini pamoja na mabaki ya tembe, wakupunguzie hatua kwa hatua.

“Lakini nilipewa na ya tumbo,” watu husema. Wanamaanisha omeprazoli, na kweli husaidia: hupunguza asidi, vidonda vikapungua. Haizilindi figo wala moyo, na haizigeuzi dawa mbili za ukoo mmoja kuwa halali. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, aliyevuka miaka 65, au anayelazimika kutumia dawa hizi kwa wiki kadhaa aulizie omeprazoli na kipimo cha bakteria ya H. pylori, ambayo ikiwa tumboni huongeza hatari ya vidonda. Kumeza baada ya chakula hupunguza kichefuchefu, lakini madhara mengine hupitia damu, si tumboni moja kwa moja, kwa hiyo chapati mbili hazitakukinga. Pombe weka kando siku hizo.

Mjamzito asimeze dawa za ukoo huu bila daktari, na hasa kuanzia wiki ya 20. Kama ameandikiwa aspirini ndogo kliniki, hiyo ni habari nyingine, aendelee nayo. Mtoto asipewe aspirini. Mwenye pumu aliyewahi kubanwa kifua baada ya Brufen au aspirini aziepuke zote. Ukirudi kutoka Mombasa au Malindi na homa kali inayouma mifupa, jizuie na Brufen na Diclo hadi upimwe, maana ikiwa ni dengi zitaongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Sasa kwenye kaunta. Nenda na picha ya dawa zako zote kwenye simu, za presha, za sukari, hata za mitishamba. Ukinunua tembe chache, omba stripu ikatwe upande wenye jina na tarehe ya kuharibika. Zikitoka kwenye kopo, jina na miligramu ziandikwe kwenye bahasha, moja baada ya nyingine. Mambo ya kusema ni machache: “Daktari, niandikie majina.” “Kati ya hizi kuna mbili za aina ya Diclo?” “Nilimeza Brufen saa sita.” “Kuna steroidi humu?” Anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika. Anayekasirika, au anayesema ni siri ya mchanganyiko wake, mrudishie bahasha. Leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu inatakiwa iwe imetundikwa mahali unapoiona, na huna sababu ya kuona haya kuitazama.

Kama maumivu hayajaisha baada ya siku kumi za dawa, au hata mapema ikiwa mguu unakufa ganzi, umepoteza uzito, au mkojo haushikiki, dawa nyingine ya maumivu siyo jibu. Kitafutwe chanzo. Na kuna dalili ambazo hazingoji kesho: choo cheusi kinachonata kama lami, matapishi ya rangi ya kahawa, mkojo uliopungua ghafla, miguu au uso kuvimba, kubanwa kifua, kuishiwa pumzi, vipele vinavyotoka pamoja na malengelenge. Acha dawa za maumivu hapohapo, uende hospitali iliyo karibu, iwe Mama Lucy Kibaki au nyingine, na ubebe bahasha pamoja na stripu zote, hata zilizokwisha. Omba pia madhara hayo yaripotiwe kwa Bodi. Fomu ya manjano ni ya madhara ya dawa na ya waridi ni ya dawa zenye ubora wa kutiliwa shaka. Mhudumu akisema hazipo, Bodi hupokea taarifa mtandaoni, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuzituma.